Shahidi Ambaye Hakuruhusiwa Kuondoka

Siku ya kwanza friji ilinyamaza saa tatu kamili asubuhi. Mfasiri, aliyekuwa akifanya kazi kwenye meza ya sebuleni, alidhani umeme umekatika. Akainuka, akafungua mlango wa friji. Taa ikawaka, maziwa yalikuwa baridi. Akasikiliza. Bomba la jikoni, ambalo lilikuwa likidondoka tangu fundi alipolitengeneza, halikudondoka. Barabarani pikipiki zilipita bila mlio, kama picha. Ukimya ulichukua pumzi tatu, kisha ukumbini kiti kikaburuzwa, mtu akaketi, na friji ikaanza tena kunguruma kama mtumishi aliyeona bosi ameshapita.

Ukumbini hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiti kimegeuzwa kuelekea mezani kwake, na harufu ya mafaili yaliyolowa na wino wa mhuri.

Mfasiri aliujua ukimya ule. Ulikuwa wa gemu.

Kwa miezi saba alikuwa amefasiri gemu ya mkononi, ya kaseti, ya kesi na mawakili: mchezaji anabonyeza, anapinga, anawabana mashahidi mpaka wanatoka jasho. Ilikuwa kazi nzuri kuliko alivyotarajia. Muziki hasa ndio uliomkosha. Maswali yakipamba moto ngoma zinakwenda mbio, vinanda vinagombana, halafu, shahidi anapokaribia kusema kweli, mtunzi anakata kila kitu. Pumzi tatu za ukimya mtupu. "Huyu mtunzi ana roho mbaya," alimwambia mdogo wake, na ilikuwa sifa.

Ili mahakama inukie mahakama, alimwomba msaada jirani yake, karani wa mahakama aliyestaafu miaka kumi na miwili iliyopita na ambaye hadi leo humpa mgeni daftari aandike jina kabla ya kumpa kiti. Karani ndiye aliyempa maneno ya kumwita shahidi mara tatu mlangoni. Na mdogo wake, mshereheshaji wa harusi ambaye mtaa mzima ulimwita Kipaza, ndiye aliyeyarekodi, amejifungia ndani ya kabati la nguo ili mwangwi usiingie: "Shahidi! Shahidi! Shahidi! Kama upo, itika!" Jina halikutajwa. Kila kesi ilikuwa na shahidi wake, na majina yangetokea kwenye kioo.

"Binti yangu, mtu akishaitwa mahakamani, lazima baadaye hakimu amruhusu aondoke," Karani alionya. "Asiporuhusiwa, kisheria bado yupo."

Maneno ya kumruhusu yalikuwepo. Yalikuwa mistari mitatu, na kisanduku cha maandishi kilichukua miwili. Mfasiri alihangaika mchana kutwa. "Nenda" lingetosha, lakini hakimu gani anaongea kama anafukuza kuku? Mwisho akaweka sentensi nyingine mbili, fupi, za kimahakama kabisa, akajipongeza, akaendelea na visanduku elfu nane vilivyobaki.

Mgeni wa kile kiti hakuja usiku hata mara moja. Alifuata saa za kazi: saa tatu ameingia, saa saba yuko mapumziko, saa nane amerudi, saa tisa na nusu kiti kinasogezwa na harufu inakwisha. Jumamosi na Jumapili hakufika. Mfasiri alikuwa karibu amzoee, mpaka Alhamisi moja asubuhi Kipaza alipoingia ameshika koo.

"Dada," alinong'ona, "sauti inaondoka."

"Unapiga makelele kwenye harusi za watu, unategemea nini?"

"Sijashika kipaza sauti wiki ya tatu hii. Hospitali wamenipa barua, koo zima kabisa, ina mihuri miwili." Akaiweka mezani kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu. "Nina harusi mbili mwezi huu. Nitawakaribishaje wageni, kwa barua? Halafu, dada, inaondoka saa tatu. Kila siku saa tatu, kama kuna mtu anaichota."

Friji ikanyamaza.

Kiti kikaburuzwa. Na kutoka pale kitini, sauti nene, tamu, sauti iliyokwisha kuwatuliza mamia ya wageni wenye njaa, sauti ya Kipaza mwenyewe, ikasema kwa adabu:

"Nipo."

Kipaza alifungua mdomo. Ilitoka pumzi tu.

Mfasiri aliiandikia kampuni ya gemu siku ileile. Jibu lilikuja haraka, dalili mbaya. Kampuni ilithamini maoni yake. Kaseti za gemu zilikwishatengenezwa na kufungwa. Tafadhali ajaze fomu ya kasoro na kuchagua aina moja: picha, sauti au maandishi.

Alichagua sauti.

Jumatatu Karani akaja na koti lake la kazini, tai, na mhuri ambao alitakiwa kuurudisha alipostaafu. Kipaza alikaa sakafuni, bega lake kwenye goti la dada yake, kama enzi za utoto wakati wa radi. Saa tatu ilipotimu na bomba likaacha kudondoka na harufu ya mafaili ikajaa sebuleni, mzee alisimama wima akasoma kutoka kwenye karatasi.

"Shahidi. Umeitwa, umeitika. Mahakama inakuruhusu uende."

"Wewe ni karani," sauti ya Kipaza ikajibu kutoka kitini, bila hasira. "Hakimu yuko wapi?"

Karani aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Ameuliza sawa," alinong'ona. "Mimi huandika tu. Lazima aruhusiwe na hakimu wa kesi aliyoitiwa."

Hakimu huyo alikuwa ndani ya gemu. Mfasiri akaiwasha, akaanza kesi ya kwanza, na kwa kuwa majibu yote aliyajua alibonyeza bila kusoma, akapinga, akatoa ushahidi, akambana shahidi, huku ngoma zikienda mbio na vinanda vikigombana na kitu pale ukumbini kikivuta kiti taratibu kuja karibu, hatua moja kwa kila swali, mpaka harufu ya wino ikawa shingoni mwake na Kipaza akamshika mkono akiukaza, naye akabonyeza kwa kidole gumba kilicholowa jasho akiomba kwamba katika maelfu ya visanduku vile labda, kwa bahati, aliandika neno moja la huruma, na muziki ukakatika, pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakimu mdogo kwenye kioo akainua uso, akagonga nyundo yake, akasema maneno ambayo Mfasiri alimwandikia.

*Kesi imeahirishwa.*
*Tarehe itatangazwa.*

Kipaza alimtazama dada yake, midomo ikimwuliza, na safari hii hata mnong'ono haukutoka.

"Nitasubiri," sauti yake ikasema nyuma yao.

Saa tisa na nusu kiti kilirudishwa ukumbini, na harufu ikaisha. Kesho yake ilikuwa siku ya kazi.