Pole au Samahani?

Kitu cha kwanza alichokiona Enora alipoingia chumbani ni taa nyekundu. Ilikuwa kwenye kamera ya Bi Armelle, jirani yao wa ghorofa ya juu. Mtu aliyehojiwa alikuwa ameshanyamaza, anatafuta koti lake. Taa ikaendelea kuwaka.

"Mbona huzimi?" Enora alinong'ona.

"Mtu akidhani amemaliza kusema, ndipo anapoanza."

Bi Armelle alitengeneza filamu za watu halisi. Ujana wake wote uliishia katika mahakama na magereza ya Ufaransa, akiwasikiliza washtakiwa, majaji na waliodhulumiwa. Enora alipokwenda kumsafishia nyumba, alizitazama zile kanda zilizojaa ukuta mzima, akasahau hata ufagio mkononi. Sauti zote hizo! Na mtu mmoja alikuwa na subira ya kuzisikiliza.

Enora mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Shule aliiacha mapema kwa kuchekwa. Katika soko la mji wao, Fougères, alikomsaidia kaka yake Gwendal kuuza chapati za soseji, muuza samaki alimwita Bubu.

"We Bubu, mwambie kaka yako soseji zake zimesinyaa kuliko mimi!"

Jumamosi moja mwizi alimjia kwa nyuma Bibi Yvonne, mteja wao mzee, akampokonya mkoba, akamwangusha kifudifudi na kutokomea. Gwendal aliruka meza, akamwinua bibi.

"Désolé, bibi. Désolé."

Kwa Kifaransa, neno hilo moja ni pole, na ni samahani pia.

Bibi hakuwa amemwona mwizi. Polisi walipofika, alinyoosha kidole. "Ndiye huyu! Kaniomba msamaha mwenyewe!"

Gwendal alichukuliwa. Aliporudi, alikuwa amepangiwa siku ya kesi.

"Uliomba wakili?" mama yake aliuliza.

"Wa nini, mama? Sina kosa. Nilitaka kuwahi nyumbani, nikatia sahihi maelezo."

"Uliyasoma?"

"Sikuyasoma."

"Yarabi! Wewe unayesoma mpaka tarehe ya kuharibika maziwa!"

Enora alipanda ngazi mbio, akarudi na Bi Armelle. Jirani aliketi jikoni, akasukuma kando kikombe cha kahawa.

"Gwendal, mwanangu, asiye na kosa ndiye anayemhitaji wakili. Polisi wakikushika, una haki ya kumwomba, na una haki ya kunyamaza. Huna uwezo? Utapewa wa kulipwa na serikali. Na usitie sahihi usichokisoma. Kikiwa na kosa, dai kirekebishwe. Wakikataa, weka kalamu chini."

"Nimeshatia, na bibi anasema nilimwomba msamaha. Si ndiyo nimekwisha?"

"Hujaisha. Kesho tunamtafuta wakili. Sasa niambie, ulimwambia bibi pole au samahani?"

Gwendal alikodoa macho. "Pole! Lakini nani atanisadiki?"

Bi Armelle aliweka mikono mezani. Hakumtazama mtu. Alingoja tu.

"Mi... mimi," alisema Enora. "Nilikuwepo."

Siku ya kesi, wakili wa Gwendal alimwita Enora atoe ushahidi. Ulimi ukagoma. Nyuma mtu alicheka. Enora alitafuta uso wa Bi Armelle. Alikuwa kwenye benchi, mikono mitupu, maana kamera yake haikuruhusiwa mle ndani. Lakini uso wake ulitulia kama ile taa. Jaji naye akangoja.

"A... anayeomba msamaha huinamisha macho," alisema Enora. "Kaka alimtazama bibi usoni. Akamfuta matope magotini. Hakuomba msamaha. Alitoa pole."

Bibi Yvonne alijishika mdomo. "Ni kweli," alisema. "Alinifuta magoti. Mwizi gani hufanya hivyo?"

Jaji akaona yale maelezo hayatoshi, Gwendal akaachiwa.

Nje, kwa furaha, alimkanyaga mama yake mguu. "Désolé!"

"Ipi hiyo?" mama aliuliza. "Sema sawasawa, wakili yuko hapa!"

Walicheka mpaka wapita njia wakageuka. Tangu siku ile, hata fomu ya soko Gwendal haitii sahihi kabla Bi Armelle hajamwambia aisome mara mbili.

Siku ile ile, kwenye ngazi za mahakama, Bi Armelle aliwasha kamera, akamgeukia Enora.

"Sema chochote, mwanangu."

Enora alisema kidogo kuhusu kaka yake. Akanyamaza. Akaanza kufunga koti. Taa nyekundu iliendelea kuwaka.

Akaitazama.

"Mimi si bubu," alisema. "Nilikuwa namngoja mtu wa kunisubiri."