Lori Lililosogezwa Karmena Akiwa Usingizini

Siku Karmena Camilleri alipokutana na Iosefa Leota, walitazamana kwa shari. Ilikuwa mbele ya lango la ghala moja kubwa la Truganina, magharibi ya Melbourne. Malori yalijipanga hadi barabarani na upepo wa kaskazini ulipiga vumbi la moto usoni.

"Foleni ndefu leo, dada," alisema Iosefa, msimamizi wa foleni, redio begani, fulana ya reflekta ya rangi ya machungwa ikimbana kifua. "Andika daftarini unapumzika."

"Nani anapumzika?"

"Injini si umezima?"

"Na wewe ukipepesa macho, tuandike umelala?"

Madereva wa malori ya nyuma yake waliangua kicheko. Iosefa naye akacheka, kicheko cha tumboni, cha mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya Kisamoa iliyojaa watu. Karmena alirekebisha kitambaa chekundu kichwani, ingawa kilikuwa kimekaa sawa.

Lakini hakuwa akitania. Baba yake, Censu, aliyekuja na meli kutoka Malta, alisinzia kwenye usukani njia ya Sydney na hakuamka. Daftari lake la dereva lilionyesha amepumzika vizuri. Alipumzika hivi: kwenye foleni ya ghala, anawasha, anasogea, anazima, anawasha tena. Sheria inasema kungoja hivyo ni kazi. Ila mwenye ghala hataki kulipia kungoja, mwenye lori hataki kumuudhi mwenye ghala, basi kungoja kukapewa jina la mapumziko na anayetia sahihi ni dereva. Mazishini kampuni ilileta shada la maua. Karmena anakumbuka hadi rangi ya utepe wake.

Hata hivyo, moyo una ukaidi wake. Kufikia majira ya baridi walikuwa wanapigiana simu kila safari.

"Uko wapi, mrembo?"

"Gundagai. Mvua tupu."

"Umekula?"

"Pai ya nyama. Imezeeka kuliko bibi yako."

"Mwache bibi yangu. Anataka kukuona kanisani. Vaa lile gauni la kijani."

"Lina mpasuo, Sefa."

"Kwani nimelitaja bure?"

Jambo moja tu liliwagombanisha. Pale langoni, Iosefa aliendelea kuwaambia wengine waandike wanapumzika. "Ni amri ya ofisi, mpenzi," alisema. "Nina mama na wadogo zangu." Karmena alimpandishia kioo cha dirisha.

Ikaja Ijumaa ile. Karmena alifika asubuhi kutoka Sydney, macho mekundu. Aliegesha lori kando ya uzio, nje ya foleni, chini ya mkalitusi.

"Sasa nalala kweli," alimwambia Iosefa. "Nikiamka nashusha, napakia, naondoka na mzigo wa Adelaide. Ufunguo wa akiba unao, nifungie mlango kwa nje."

Akavuta pazia nyuma ya kiti, akaziba masikio. Aliota baba yake anaendesha.

Alipoamka jioni, mkalitusi haukuwepo. Dirishani kulikuwa na ukuta wa zege na mlango wa kushushia. Iosefa alisimama chini na bakuli la panikeke za moto, maandazi ya kwao Samoa, anatabasamu.

"Wamemaliza kushusha. Nafasi ingekupita hadi kesho."

"Nani aliendesha?"

"Mimi. Polepole, kama nimebeba mtoto mchanga. Hukugeuka hata."

Karmena alikaa ngazini taratibu. "Sefa, umenivunjia mapumziko."

"Si ulikoroma?"

"Sheria haiulizi kama nilikoroma. Inauliza kama lori lilisimama tuli. Sasa saa za kupumzika naanza kuzihesabu upya."

Simu ililia. Lyle, mpanga safari wa kampuni yake. Karmena alimweleza kuwa lori lilisogezwa. "Adelaide wanangoja, Karmena. Andika ulilala. Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi ukikataa, Jumatatu usije."

Lyle akakata simu. Iosefa alikuwa ameweka bakuli chini.

"Ukiandika lilisogezwa, wataniuliza nani alilisogeza," alisema. "Mfanyakazi wa uwanjani haruhusiwi kugusa lori la mtu. Nafukuzwa leo leo. Mara moja tu, mpenzi. Kwa ajili yangu."

"Baba yangu naye aliombwa mara moja tu."

"Mimi si hao waliomuua baba yako."

"Unasimama langoni mwao."

Karmena aliliweka daftari juu ya paja na kuandika ukweli, kwa herufi kubwa. Iosefa alimtupia ufunguo wa akiba miguuni na kuondoka bila kugeuka. Karmena aliyatazama malori ya nyuma yakisogea, yakizima. Hakulia. Alikuwa amechoka hata kwa hilo.

Kisha akasikia sauti yake. Iosefa alikuwa anapita kwenye foleni, anagonga milango ya malori kwa kiganja. "Andikeni kazi. Mnangoja, andikeni kazi. Niliwadanganya, andikeni kazi."

Aliporudi hakuwa na redio wala reflekta.

"Wamenivua reflekta," alisema.

"Na kazi?"

"Ilikuwa ndani ya reflekta." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Walitaka niseme wewe ndiye uliyeniomba nilisogeze. Ningebaki kazini, nawe usingeruhusiwa kuendesha tena milele. Nikakataa. Lete kalamu, niandike jina langu chini ya lako."

Alikuwa bado anaandika, mtu wa ofisi ya ghala akaja mbio, tai begani. "Ondoeni hili lori. Mlango unahitajika sasa hivi."

Iosefa alikaa kwenye ngazi ya kabini, mgongo mlangoni. "Dereva anapumzika, bwana. Halisogei."

"Nitaita polisi."

"Waite. Tuna la kuwasomea."

Nyuma yao, dereva mmoja alizima injini, akapandisha miguu juu ya dashibodi. Mwingine akafuata. Mtu wa ofisi alitazama foleni ikinyamaza lori kwa lori, akarudi ndani.

Karmena alijilaza nyuma ya pazia. Baadaye sauti yake ikapita dirishani. "Sefa. Utanioa na nini sasa, huna kazi?"

"Nilikuomba saa ngapi?"

"Niombe sasa."

"Karmena Camilleri, nikuoe?"

"Ndiyo. Hata mimi sina kazi. Sasa nyamaza, nalala."