Mpira wa Nahodha

Mtaa wa vifaa vya ujenzi siku ya Jumamosi haupitiki. Mabati yamelala njiani, misumari imemwagwa kwenye masinia, na kila muuzaji anapaza sauti kumshinda jirani yake. Kijana mmoja mrefu, shati lake la bluu limejaa vumbi la saruji, alikuwa anapita na pimamaji, ule ubao mrefu wa waashi wa kupimia usawa, begani. Akageuka kuulizia bei ya mwiko, na ncha ya pimamaji ikamvua mtu kilemba.

Mwenye kilemba alikuwa binti wa gauni la njano, mkononi ana mfuko wa bandeji. Alikiokota, akakikung'uta, kisha akamtazama kijana kutoka viatu hadi kichwa, safari ndefu kweli.

"Samahani, dada. Sikukuona."

"Huko juu utawaonaje wa chini? Unacheza kikapu?"

Kijana alijibu kwamba anacheza kidogo, ila yeye ni mwashi, na ndiyo kwanza amehamia chuo cha ufundi. Binti akacheka. Yeye ni muuguzi wa zahanati ya chuo hicho hicho, na jioni huwafunga bandeji wachezaji wa timu. "Basi kesho uje mazoezini. Ndiyo faini ya kilemba changu."

Alicheka kwa mdomo tu, macho yakabaki mbali. Mwashi aliliona hilo, na kama ilivyo kwa wanaume wengi, akadhani ndiyo urembo wenyewe.

Timu ya mafundi ilikuwa kichekesho cha mashindano ya vyuo. Kila mwaka ilifungwa raundi ya kwanza, ikarudi na jezi zake ndani ya mfuko wa saruji. Mwaka uliopita ilimpata nahodha wa kweli, kijana aliyeweza kuipeleka mbali. Jioni moja mazoezini moyo wake ukasimama. Alifia mikononi mwa Muuguzi, aliyekuwa mchumba wake.

Tangu hapo timu ilikuwa na desturi. Wakishapasha mwili moto, mpira mmoja huwekwa kwenye mstari wa adhabu, mahali pa Nahodha, na wote huugeuzia mgongo kimya. Mwashi alipochungulia mara ya kwanza, nywele zilimsisimka. Mpira ulitulia kidogo, kisha ukaanza kujisukuma wenyewe, polepole, ukavuka uwanja mpaka benchi la akiba, ukagusa viatu vya Muuguzi. Aliuokota, akasema, "Asante." Hapo ndipo filimbi ikapulizwa.

Mwashi hakulala vizuri. Asubuhi aliingia peke yake katika ukumbi wa mazoezi, akalaza pimamaji kwenye ule mstari. Kiputo cha hewa kikakimbilia upande, hakikurudi katikati. Msingi ulikuwa umetitia, sakafu yote inainamia benchi. Akafuta pimamaji kwa shati, akaondoka. Hakumwambia mtu.

Mapenzi yakaja kwa mlango wa simu. Mwashi alishtua kifundo cha mguu mazoezini, na kila jioni Muuguzi alimpigia kuuliza kama kinauma, naye kila jioni alikitafutia maumivu mapya.

"Leo kinauma wapi, kipenzi?"

"Leo kimehamia kifuani."

"Kifuani hakufungwi bandeji, we mwongo."

Na timu ikaanza kushinda. Kura ziliwapa mechi zote za nyumbani mpaka nusu fainali, na vyuo vikubwa vikaja na mabasi yao mapya, vikaondoka vimeinamisha vichwa. Kocha, mwalimu wa uhunzi, alirudia neno lake lile lile, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mashabiki walinong'ona kwamba mafundi wanacheza sita, wa sita haonekani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye ukumbi ule, asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na lake.

Siku chache kabla ya nusu fainali Mwashi alimpigia Muuguzi akamwambia wazi, anataka kwenda kwao kuzungumza na baba yake.

"Nakupenda," Muuguzi alisema. "Lakini kuna mtu hajaniaga. Tusubiri mechi hii. Mpira usiponijia, nitajua ameniachia."

Mwashi aliitazama pimamaji chini ya kitanda chake. Neno moja tu lingetosha. Akalimeza.

Mpira ulikuja, kama kawaida. Muuguzi aliuokota, akamtazama ng'ambo ya uwanja, akatikisa kichwa machozi yakimlengalenga. Mwashi alicheza kwa hasira mpaka akateguka kifundo cha kulia. Wakati wa mapumziko Muuguzi alipiga magoti, akamvua kiatu, akaanza kuzungusha bandeji haraka haraka. Alikuwa anafunga mguu wa kushoto.

"Huu ni mguu wa nani?" Mwashi aliuliza.

Mikono ya Muuguzi ikasimama. Nahodha ndiye aliyekuwa na mguu mbovu wa kushoto.

"Mkono umezoea tu, laazizi."

"Basi umfunge yeye. Mimi nimechoka kuazimwa."

Walishinda nusu fainali hiyo, na hawakupongezana. Simu ya Mwashi iliita wiki nzima, hakuipokea. Muuguzi alikuwa akienda ukumbini baada ya kazi, anakaa benchini miguu imebanana, anasubiri kitu ambacho hata yeye hakukijua.

Fainali ilikuwa ugenini, kwenye ukumbi wa chuo kikuu, mbao zinang'aa mpaka unajiona uso. Wenyeji walicheka walipoona mafundi wanaweka mpira chini na kuugeuzia mgongo. Muuguzi, ndani ya lile gauni la njano, alisubiri benchini.

Mpira haukusogea.

Alisubiri tena. Kocha akakohoa, akanong'ona kwamba sakafu ya huku imenyooka, si kama ya kwetu. Muuguzi alisikia. Akainuka, akatembea mwenyewe hadi kwenye mstari, akauinua mpira kwa mikono miwili, akalia mbele ya umati wote bila kujificha. Lile benchi lake la nyumbani lilikuwa bondeni tu. Alihisi amefiwa upya.

Mapumzikoni alikwenda kwa Mwashi na bandeji, akapiga magoti.

"Mguu upi?"

Alikuwa hajawahi kumuuliza. Mwashi akanyoosha wa kulia.

Mwishoni wenyeji walikuwa mbele kwa pointi moja. Mwashi akachezewa rafu, akapewa mitupo miwili kutoka mstari ule ule. Wa kwanza uliingia. Wa pili ulizunguka juu ya chuma, ukafikiri, ukaingia. Wanafunzi wa ufundi walilia kama watoto.

Muuguzi alimpata koridoni.

"Wewe ni mwashi. Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Ungesema tu, ungenipata. Mbona ulinyamaza?"

"Zilikuwa salamu zako. Nikunyang'anye salamu, nikupe kiputo cha hewa?"

Muuguzi aliegemeza paji la uso kifuani kwake, pale ambapo hakufungwi bandeji, mpaka walipoitwa kupokea kombe.

Chuo kiliwazawadia mabingwa sakafu mpya, na kazi ikapewa darasa la waashi. Kabla ya kuvunja ya zamani, Muuguzi aliomba kitu kimoja. Walikwenda wawili. Mwashi aliweka mpira kwenye mstari, akageuka. Mpira ukajivuta, ukavuka uwanja, ukagusa viatu vya Muuguzi kwa upole ule ule. Walijua wote wawili kwa nini unakuja, na bado nywele ziliwasisimka.

Aliuokota, akaukumbatia. Safari hii hakusema asante.

"Kwaheri," alisema.

Kisha akampasia Mwashi.

"Haya, sawazisha. Na ukimaliza, baba huwa nyumbani Jumapili."