Maganda Chini ya Mpira

Nyumbani kwa akina Lindahl, mjini Oshkosh, hakuna mtoto aliyegusa rimoti kabla sinki halijang'aa. Wiki moja aliosha vyombo Soren, wiki iliyofuata dada yake Marit, na zamu zilibadilika kila Jumatatu. Sahani hazikuwa shida. Shida ilikuwa kisagio, ile mashine iliyofungwa chini ya tundu la sinki ili isage mabaki ya chakula. Mama yao alikuwa muuguzi, na pua yake haikumsamehe mtu. Alitaka maji baridi yafunguliwe kwanza, mabaki yatiwe kidogo kidogo, na maji yaendelee kutiririka hata baada ya mashine kunyamaza.

Majira hayo ya baridi Marit alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili, umri wa kuruhusiwa kushika mkuki. Kila Februari watu wa mji ule hukaa vibandani juu ya ziwa lililoganda, wakivizia kwa mikuki samaki wakubwa kupitia tundu la barafu. Kibanda cha Babu Emil kilitosha watu wawili tu. Mwaka uliotangulia alikwenda Soren. Mwaka huu Babu alisema nafasi ni ya Marit. Soksi za sufu za Marit zilikuwa zimekaa mlangoni tangu Krismasi, tayari kwa safari.

Soren alikuwa na miaka kumi na minne na uvivu wa kutupwa. Siku ya mwisho ya zamu yake, Mama alikaanga samaki. Soren alisukumia kwenye kisagio ngozi, magamba na mafuta yote ya kikaango, akafungua maji ya moto kidogo, akazima, akakimbilia mchezo wake wa video. Jumanne jikoni kulinuka. Mama akauliza zamu ni ya nani.

Marit alisema uchafu ule ni wa Soren. Soren akavaa uso wa malaika.

"Mama, zamu yangu iliisha Jumapili. Mimi nahusikaje tena?"

Mama alikuwa ametoka kazini amechoka, hakutaka kesi. Alisema asiyeweza kutunza sinki hawezi kukabidhiwa mkuki, na nafasi ya kibandani akampa Soren. Marit alilia kwa uchungu mpaka akashikwa na kwikwi. Soren alipompita kwenye ngazi alimnong'oneza kwamba atamletea picha. Hapo Marit akaacha kulia, akafuta uso, akaanza kufikiri.

Alimpigia simu Babu, akamweleza yote. Babu alimwambia avumilie. Akija Ijumaa ya wiki inayofuata, kabla ya kumpeleka yeyote ziwani, atakikagua kisagio mwenyewe. Marit alikata simu akiona amebembelezwa tu. Kukagua kungemsaidia nini? Alitaka Soren aumie kama alivyoumia yeye, na aumie mbele ya watu.

Alisaga maganda ya limau, harufu ikajificha. Jumapili ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Mama, wakala kamba wa kuchemsha. Mama alimwomba Marit akatupe maganda nje. Marit alitoka nayo, akarudi nayo, akayatia kwenye chupa na kuificha nyuma ya jiko, penye joto. Kila akipita hapo alitabasamu. Jumatano, katikati ya zamu ya Soren, alifungua chupa huku ameziba pua. Aliinua ule mpira mweusi wenye mikunjo unaofunika mdomo wa kisagio, akayachomeka maganda chini yake kwa mpini wa kijiko, hata moja lisianguke kwenye meno ya mashine. Kisha akaenda kufanya hesabu zake. Hakuwahi kuzifanya kwa raha kiasi kile.

Kufikia Ijumaa nyumba ilikuwa haikaliki. Soren alimwaga sabuni, akasaga malimau, akafungua madirisha kwenye baridi ile inayokausha kope, wala haikusaidia. Marit alikaa mezani akila mkate wake polepole.

"Zamu ya nani hii?" aliuliza. "Au na wewe huhusiki?"

Babu Emil aliingia alasiri na ndoo ya barafu aliyoikata ziwani siku hiyo, ili awaonyeshe ilivyo safi. Alinusa, akaweka ndoo chini, akaenda kuzima umeme wa kisagio kwenye swichi kuu. Akaomba tochi na koleo.

Alikunja mpira. Chini kabisa, kwenye mikunjo, palikuwa na mafuta yaliyoganda, yamejaa magamba ya samaki. Babu aliuliza samaki walikaangwa lini. Mama alikumbuka vizuri: Jumapili ile ya Soren, na hawajakaanga tena tangu hapo. Soren akawa mwekundu mpaka masikioni. Marit alisogea karibu aone vizuri. Ushindi huo hapo, mbele ya kila mtu, kama alivyoutaka.

Lakini koleo lilikuwa limeinua kitu kingine.

"Na haya?" Babu aliuliza. "Maganda ya kamba, mazima. Hayakusagwa haya, yamechomekwa."

Mama alimgeukia Marit taratibu. Marit alitazama soksi za sufu pale mlangoni, akasema, "Ni mimi."

Babu hakugomba. Aliwapa brashi na sabuni, wakasugua mpira juu na chini, kila mkunjo, wakigongana viwiko. Kisha alivunja barafu ya ndoo kwa nyundo vipande vidogo, akawasha umeme, akawaambia wavitie pamoja na chumvi ya mawe, maji baridi yakiwa wazi. Kisagio kilinguruma, kikatapika povu la kijivu, kisha maji yakawa meupe. Jikoni pakanukia sabuni tu.

"Barafu ya ziwa mtakayoiona mwaka huu ndiyo hiyo mliyoisaga," Babu alisema. "Kesho nakwenda na mama yenu. Kibali cha uvuvi anacho kila mwaka, ni kazi tu zinazomnyima nafasi."

Alfajiri Mama alikaa kiti cha mbele cha gari la Babu amevaa soksi za Marit. Marit alitoka kibarazani, machozi yakimlenga, akasema hata hivyo Soren ndiye aliyeanza.

"Ndiye," Babu alijibu. "Alikuonea, na haki ilikuwa yako. Nilikuambia nitakuja kuangalia. Ungeningoja, mjukuu wangu, chini ya ule mpira ningekuta uchafu wa mtu mmoja, na sasa hivi ungekuwa umekaa hapo alipokaa mama yako. Ukionewa, sema ukweli, kisha weka mikono yako safi mpaka ukweli uonekane."

Akawasha gari. Ndani ya nyumba Soren alikuwa ameshafungua maji baridi, akimwita Marit aje waoshe vyombo.