Sifuri Iliyopotea

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nasike aliteka maji, akaosha vyombo vya chai, kisha akamwamkia jirani yao, Mama Wabuge, aliyeuza mboga mlangoni pa chumba chake mtaani Huruma. Kwa kawaida Mama Wabuge alimjibu kwa utani. Asubuhi moja alikuwa amempakata mwanawe mchanga, uso umemshuka.

"Kuna nini, Mama?"

"Wenzangu walipeleka watoto kuchanjwa jana pale kanisani. Mimi nilingojea ule ujumbe wenu, mwanangu. Haukuja."

Nasike alishtuka. Ujumbe huo ulitoka kwenye tovuti iliyotengenezwa na chama cha kompyuta shuleni kwao. Mzazi au mlezi aliandika humo jina na nambari yake ya simu, na chanjo ilipokaribia, alikumbushwa kwa ujumbe. Nasike ndiye aliyetengeneza ukurasa wa kujiandikisha. Sehemu ya kutuma ujumbe ilikuwa kazi ya Kinuthia, mwanafunzi mwenzake.

Wakati wa mapumziko alimkabili Kinuthia mbele ya wenzao.

"Umetuaibisha! Mtoto wa Mama Wabuge amekosa chanjo kwa sababu yako."

"Sehemu yangu inafanya kazi," Kinuthia alijitetea. "Nyanya yangu alipata ujumbe, akampeleka mjukuu wake."

"Basi ulimjali nyanya yako tu!"

Kinuthia aligeuka, akaenda zake.

Masomo yalipokwisha, Nasike aliketi peke yake mbele ya kompyuta. Akafuta mstari huu wa programu ya Kinuthia, akabadilisha ule, akaongeza mwingine. Maandishi mekundu ya kueleza makosa yakajaa kwenye skrini. Akayafunga bila kuyasoma, akaendelea kupapasa. Mwishowe tovuti yenyewe ikakataa kufunguka.

"Umebadilisha nini?" Mwalimu Jerop, mlezi wa chama cha kompyuta, aliuliza alipoingia.

"Vitu vingi, Mwalimu. Sivikumbuki vyote."

"Na haya maandishi mekundu yanasemaje?"

"Sijayasoma."

"Mgonjwa akikueleza anapoumwa, utamziba mdomo?"

Mwalimu alirudisha nakala ya programu iliyohifadhiwa kabla ya vurugu hiyo, na tovuti ikafunguka tena.

"Sasa tuanze kwa utulivu. Kuna waliopata ujumbe na kuna waliokosa. Wanatofautiana katika nini? Na Kinuthia yuko wapi?"

"Nilimfokea, Mwalimu."

"Basi kamwite."

Alimkuta karibu na lango la shule. "Kinuthia, nilikulaumu kabla sijatazama. Nisamehe."

Kinuthia alisukuma jiwe kwa kiatu. "Na kosa likiwa langu je?"

"Tutalirekebisha pamoja."

Walirudi, wakalinganisha nambari zilizohifadhiwa. Ya nyanya yake Kinuthia ilianza na 254, nambari ya nchi. Ya Mama Wabuge ilianza na saba.

"Hakuna anayeandika nambari ya simu kwa kuanza na saba," Kinuthia alisema. "Sifuri yake iko wapi?"

Nasike alifungua ukurasa wa kujiandikisha, akaandika nambari ya mama yake kwa kuanza na sifuri, akaihifadhi. Alipoitazama tena, sifuri haikuwapo. Mashavu yakamchoma. Ukurasa ule ni yeye aliyeutengeneza. Alikuwa ameiambia kompyuta ichukulie nambari ya simu kama hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani, kwa hiyo kompyuta iliitupa. Alipoujaribu mara ya kwanza, alitumia nambari ya Mwalimu Jerop peke yake, na Mwalimu huiandika nambari yake kwa kuanza na 254.

Kinuthia alikuwa bado anakodolea macho mistari yake mwenyewe.

"Acha kutafuta huko," Nasike alisema polepole. "Kosa ni langu."

Kinuthia hakumcheka. "Badilisha hilo moja tu, halafu tujaribu."

Nasike aliiagiza kompyuta ihifadhi nambari kama maandishi. Akaandika ya Mwalimu, safari hii kwa kuanza na sifuri, naye Kinuthia akatuma ujumbe wa majaribio. Baada ya kitambo kidogo, simu ya Mwalimu ikalia mezani. Wote watatu wakashusha pumzi. Wakazirudisha sifuri zote zilizopotea, naye Mwalimu akampigia simu muuguzi aliyechanja watoto kanisani, ambaye alikubali kurudi Jumamosi.

Jioni hiyo Nasike alimweleza Mama Wabuge ukweli wote.

"Kumbe!" Mama Wabuge alisema. "Nami nilidhani ni mimi nisiyejua kubonyeza simu. Nimejilaumu tangu jana."

Maneno hayo yalimchoma Nasike kuliko kukaripiwa.

Jumamosi kanisani, mtoto wa Mama Wabuge alichomwa sindano, akalia kwa nguvu, akanyamaza aliponyonya. Mwalimu Jerop, aliyesimama kando na wanafunzi wake wawili, aliwaambia:

"Kila anayetengeneza programu hukosea, hata mimi. Kitu kikiharibika, usianze kwa kutafuta mtu wa kulaumu. Soma kompyuta inasema nini, linganisha kinachofanya kazi na kisichofanya, badilisha kitu kimoja, kisha ujaribu. Na ukigundua kosa ni lako, sema mapema. Ukinyamaza, kuna mtu mahali fulani atakayedhani kosa ni lake."