Lulu Aomba Chuo kwa Mkono Wake

Ussi ana ofisi ya kusafirisha mizigo katika jengo la Tianxiu, mjini Guangzhou, China. Wateja wake ni wafanyabiashara wa Unguja na Dar es Salaam. Binti yake, Lulu, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari mjini humo humo. Anataka kusomea ukunga.

Jioni moja wakiwa mezani, Ussi alisema, "Mwanangu, nimepata mtu wa kukujazia maombi ya chuo. Anataka pasi yako ya kusafiria na picha tu."

"Atatumia barua pepe ya nani, baba?"

"Yake. Wewe usisumbuke."

"Basi chuo kikiwa na swali, kitamwuliza yeye, si mimi."

Ussi akamwita jirani yao Mwende, Mkenya anayesoma shahada ya pili. Mwende alikuwa ameomba chuo chake mwenyewe kupitia mtandao.

"Mzee, usimpe mtu kazi hiyo," Mwende alisema. "Asiyemjua Lulu ataandika nini juu yake? Na akikosea, atakayekataliwa ni Lulu."

Wakafungua kompyuta. Mwende hakugusa hata kitufe. Alimwacha Lulu afungue barua pepe yake na achague nywila yake, asimpe mtu. Penye jina, Lulu aliandika "Lulu Ussi", kama anavyoitwa shuleni.

"Pasi inasemaje?" Mwende aliuliza.

"Lulu Ussi Makame."

"Andika hivyo hivyo, herufi kwa herufi. La sivyo watadhani ni watu wawili."

Wakafika kwenye swali: Kwa nini unataka kusoma kozi hii? Lulu akaandika kwamba ana bidii na anapenda watu.

"Kila mtu husema hivyo," Mwende alisema. "Wewe umefanya nini?"

Lulu alifikiri, akafuta, akaandika upya. Kisha akasoma kwa sauti. Alieleza habari za mama mmoja mfanyabiashara aliyeshikwa na uchungu ugenini, hajui Kichina hata neno. Lulu alikaa naye hospitalini, akimfasiria kila agizo la mkunga, mpaka mtoto akalia.

Ussi aliacha chai yake ikapoa. "Ndiyo siku ile uliyochelewa kurudi?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Uligomba sana, nikakosa pa kupenyeza neno."

Mwende akacheka. Ussi naye akacheka, huku machozi yakimlengalenga.

Kabla ya kutuma, walikagua kila ukurasa upya. Lulu alihifadhi namba ya ombi lake, na tangu hapo akawa anafungua barua pepe kila siku. Ndivyo alivyouona mwaliko wa usaili kwa video. Siku ya usaili, Ussi alisimama nje ya mlango akisikiliza. Maneno mengine ya Kichina yalimpita, lakini alisikia wazi kwamba binti yake hababaiki.

Jibu lilipofika, Ussi alikuwa katika soko la jumla la Zhanxi, akipatana bei ya viatu vya mteja. Simu ikalia.

"Baba, wamenikubali!"

Mwenye duka, Mchina mtu mzima, alimwona ameacha kupatana bei, simu mkononi. "Kuna nini, rafiki?"

"Binti yangu anakwenda kusomea ukunga."

"Hongera! Nani alimtafutia chuo?"

Ussi alijinyoosha. "Kajitafutia mwenyewe," alisema, kwa sauti iliyofika duka la pili.