Aliyekuja Kuosha Gari la Ambwene

Majirani wa Kizwite walikuwa wakimtania Ambwene kwamba gari lake linaoga kuliko yeye mwenyewe, na kwa baridi ile ya Sumbawanga, huenda hawakukosea. Alikuwa afisa wa ardhi, mtu wa kuja kutoka Mbeya, na hakuwahi kulipeleka gari lake jeupe kwa vijana wanaoosha magari barabarani. Alisema matambara yao yana mchanga. Kila Jumamosi asubuhi alijaza ndoo uani, moja ya povu, nyingine ya kusuuzia, akaanza na paa na kumalizia na matairi. Kisha akatandika vitambaa vyeupe vya viti, taratibu, kama anayetandika kitanda cha bibi harusi.

Jumamosi hiyo ndiyo kwanza alikuwa anakausha vioo, Valerian, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaingia mbio.

"Kaka Ambwene, mama kazidiwa. Anatapika, hata kusimama hawezi. Tusaidie tumfikishe hospitali."

Ambwene alimfahamu vizuri Bibi Silvana, mama yake Valerian. Kila alipovuna ulezi wake kule kijijini kwao Kaengesa, alimletea Suma, mke wa Ambwene, kapu zima. Lakini macho yalikimbilia kwenye vile vitambaa vyeupe alivyokuwa karibu kuvitandika, na mdomo ukawahi kusema.

"Betri imekufa, ndugu yangu. Tangu jana haliwaki."

Valerian alilitazama gari, akamtazama Ambwene, akatoka kwenda kutafuta bajaji. Bibi Silvana alifariki siku hiyohiyo.

Ambwene alikwenda mazishini Kaengesa kwa kudandia gari la watu, asije akaumbuka. Akalia pale kaburini, na alilia kweli. Aliona haya hata kushika udongo wa kumtupia yule bibi.

Walipokwisha kuanua matanga, mchana mmoja, Tereza, binti mkubwa wa marehemu, aligonga geti. Ndoo ya maji kichwani, kitambaa begani.

"Poleni na msiba, dada."

"Tumeshapoa, Baba Asifiwe. Nimekuja kuosha gari. Kwenye ukoo wetu, gari likimbeba mgonjwa asirudi, mwenye gari halisafishi mwenyewe. Wafiwa ndio wanaliosha, ndipo marehemu anashuka."

"Mgonjwa gani?"

"Si mama! Valerian aliporudi na bajaji hakumkuta barazani. Tulimkuta hospitali, kwenye benchi la mapokezi, keshakata roho. Mlinzi akasema kaletwa na gari jeupe linachuruzika maji, kama limetoka kuoshwa. Tukajua tu ni wewe, umelihangaikia mpaka likawaka. Mungu akubariki sana."

Ambwene alipapasa mfuko wa suruali. Siku ile ufunguo ulishinda mfukoni mwake. Gari halikuvuka geti.

Angeweza kupokea shukrani na kunyamaza. Nani angejua? Lakini Tereza alikuwa ameshachuchumaa, anafuta tope kwenye tairi kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko matusi.

"Dada Tereza, acha. Nilidanganya. Betri ilikuwa nzima. Niliogopa atachafua viti. Sikumbeba mama yako."

Mkono wa Tereza ukasimama.

"Sasa nani alimpeleka?" alinong'ona.

Ambwene alifungua mlango wa nyuma. Vitambaa vilikuwa vyeupe vilevile. Mkanda ulikuwa umefungwa. Haukulala kwenye kiti. Ulikaa mbele kidogo, umebinuka, umekaza, kama uko kifuani mwa mtu. Akabonyeza kifungio. Hakikuachia. Akabonyeza tena. Karibu na sikio lake, kitu kikavuta pumzi.

Akaruka nyuma. Tereza alichota maji kwa kiganja, akayamwaga pale mlangoni.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "tumefika. Shuka."

Kifungio kikalia. Mkanda ukarudi wenyewe. Gari likanyanyuka kidogo, kama abiria ameshuka.

Kwenye simenti kavu ukatokea unyayo. Mdogo. Peku. Umelowa. Ukafuata mwingine. Tereza alitazama getini, akingoja nyayo zigeukie huko, zirudi kwao. Hazikugeuka. Zilipita katikati yao wawili, zikapanda ngazi ya jikoni kwa Ambwene.

"Baba Asifiwe!" Suma aliita kutoka ndani. "Nani huyo kaingia na miguu mibichi hivyo?"

Walitafuta chumba kwa chumba, hawakumkuta mtu. Suma amepiga deki, Ambwene amesugua kwa brashi mpaka vidole vikachubuka, padri naye amekuja kunyunyiza maji ya baraka. Nyayo za kuingia zipo mpaka leo. Za kutoka hazijaonekana.